Kompyuta Imekataa

Sentensi hii kila mmoja wetu ameshaisikia. Wengine husema "sistimu imekataa", lakini ni ileile. Umepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, umefika dirishani, karatasi ya familia iko mkononi. Kijana aliyeketi nyuma ya meza anabonyeza mara mbili, mara tatu, anatazama kioo, halafu anakuambia kwa upole kabisa: mama, kompyuta imekataa. Si yeye. Yeye hana neno na wewe, pengine hata anakuhurumia. Unarudi nyumbani, na njiani huna hata mtu wa kumkasirikia.

Mimi nataka kuuliza: je, kompyuta inaweza kukataa? Siulizi kwa mzaha. Kukataa ni kazi ya mwenye hiari. Mlango uliofungwa haukatai, aliyeufunga ndiye anayekataa, hata kama ameshaondoka na funguo. Kama kompyuta kweli inaweza kukataa, basi hakuna wa kulaumiwa, tumwachie Mungu. Lakini kama haiwezi, basi kuna mtu mahali fulani aliyekataa, na sisi tunaorudishwa tuna haki ya kujua ni nani na lini. Kulijibu swali hilo lazima tuingie ndani ya mashine mpaka chini kabisa, pale namba zinapokaa. Wasiopenda hesabu wanivumilie. Hesabu yenyewe ni ya sokoni.

Na soko nitakalotumia ni Kikuubo. Wengi wetu tuliopita Kampala kutafuta maisha tuliijua Kikuubo kabla hatujajua bunge liko wapi. Jina lenyewe kwa Kiganda ni kichochoro, njia nyembamba ya kupita katikati ya majengo, na ndivyo ilivyo: kichochoro karibu na Old Taxi Park ambamo sukari, chumvi, sabuni, mafuta na biskuti zinauzwa kwa jumla kwa watu wa Uganda nzima, na kwa Wakongo, Wasudani Kusini na Wanyarwanda wanaokuja kubeba. Wachukuzi wanapita na mizigo kichwani, ukichelewa kuwapisha shauri yako. Na kila mwenye duka ana kalkuleta mezani.

Zitazame zile kalkuleta. Ndogo za bei rahisi zina nafasi ya tarakimu 8. Maana yake namba kubwa kuliko zote zinayoweza kuonyesha ni 99,999,999. Kwa mama anayeuza nyanya zinatosha maisha yake yote. Lakini pale Kikuubo mtu akinunua mifuko 800 ya kitu cha shilingi 130,000, jibu ni milioni 104, na kalkuleta ndogo inaandika herufi E. Ndiyo maana wauzaji wa jumla wanapenda ile kubwa ya tarakimu 12. Sasa sikiliza jambo hili: E ikitokea, hakuna mwenye duka anayemwambia mteja "boss, kalkuleta imekataa, rudi wiki ijayo". Atasema hii ni ndogo, leta ile nyingine. Au atachukua peni na kipande cha boksi. Mteja ni wa kweli, mifuko ni ya kweli, kifaa ndicho kimefika mwisho wake. Hilo Kikuubo linajulikana bila kufundishwa na mtu.

Haya, tuingie ndani ya kompyuta.

Chukua mizani ya zamani ya sahani mbili. Mawe ya mizani ya kawaida ni ya kilo 1, 2, 5, 10. Sisi tuyabadilishe kidogo: tuwe na jiwe la 1, la 2, la 4 na la 8, moja tu la kila aina. Kwa mawe hayo manne unaweza kupima kila kilo kuanzia 0 hadi 15. Kilo 11? Weka 8, weka 2, weka 1, la 4 liache chini. Ukiandika 1 kwa jiwe lililo juu ya mizani na 0 kwa lililo chini, ukianza na kubwa, kilo 11 inakuwa 1011. Umeshaandika kama kompyuta. Hakuna siri nyingine. Kila jiwe ni biti moja, na jiwe haliwi nusu juu nusu chini. Mawe manane, hadi lile la 128, yanakupa kila namba kutoka 0 hadi 255, na mawe manane hayo wenyewe wanayaita baiti.

Neno rejista tunalijua: daftari ambalo mwalimu anasoma majina asubuhi, daftari ambalo mtu akiandikwa amepokewa. Prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta, nayo ina rejista zake. Ni sahani chache za mizani ambazo juu yake ndipo hesabu yote inafanyika. Picha, sauti, pesa ya simu, alama ya kidole, vyote vinahifadhiwa kwingine kwenye ghala kubwa, lakini kikitaka kuhesabiwa lazima kije rejistani, kikae hapo kwa muda mfupi sana usioweza kuuona, kijumlishwe au kilinganishwe, kirudi ghalani. Simu nyingi za smati zinazouzwa siku hizi zina rejista 31 za matumizi ya jumla katika kila kiini cha prosesa, na kila moja ina nafasi ya biti 64. Thelathini na moja tu! Maisha yako yote ya kidijitali yanapita katika sahani 31, mojamoja, kama watu wanaopishana kwenye kichochoro.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu rejista, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kwamba rejista haijui kuwa tupu.

Kila biti imetengenezwa kwa vijiswichi vya umeme viitwavyo transista, vimefungwa pamoja hivi kwamba sehemu moja inaishikilia nyingine, kama watu wawili waliosukumana wakaegemeana ukutani: ama wameangukia kushoto ama kulia. Ukiwasha umeme, kila jozi inaanguka upande mmoja. Kabla mtu yeyote hajaandika chochote, tayari pana namba pale. Inaweza kuwa takataka, lakini ni namba, na inaonekana kama namba nyingine yoyote. Na ukiifuta ukaweka sifuri tupu, sifuri nayo ni jibu. Mizani isiyo na jiwe inasema "kilo sifuri". Haisemi "bado hatujapima". Mafundi wanalijua hili vizuri. Kama wanataka mashine itofautishe "sifuri" na "hatujui", wanaongeza alama nyingine pembeni, biti moja ya ziada ambayo kazi yake ni kusema: hiyo namba ya jirani yangu usiiamini, haijajazwa. Lakini lazima mtu akumbuke kuiweka alama hiyo. Mashine haitaidai.

Sasa toka nje ya mashine, pita katika makazi yetu, uliza watu tarehe zao za kuzaliwa kwenye karatasi. Nakivale, Kyangwali, Kakuma, popote. Utashangaa wangapi tulizaliwa tarehe 1 Januari. Mgeni anaweza kudhani kwetu watoto huzaliwa sikukuu tu. Mama aliulizwa: huyu amezaliwa lini? Akajibu kwa ukweli wote alionao: wakati wa kuvuna maharagwe, mwaka ule tuliokimbia. Hilo ni jibu kamili. Lina msimu ndani yake, lina mwaka, lina na sababu ya kukumbukwa. Lakini kisanduku kinataka siku, mwezi, mwaka, hakina mahali pa maharagwe, na hakikubali kuachwa. Basi ikaandikwa 01/01.

Aliyeandika hakudanganya, mama hakudanganya. Ila neno "takriban" lilikuwepo mdomoni mwa mama, na halikuingia. Miaka 10 baadaye mtu mwingine anasoma tarehe ileile, na kwake ni tarehe kama tarehe. Mtoto aliyezaliwa Novemba ameshapewa miezi kumi ambayo hakuishi. Siku ya kutimiza miaka 18 kwenye karatasi, yule ambaye kwa mama yake bado ni mtoto anakuwa mtu mzima, na nyinyi mnaofanya kazi na watoto wasio na wazazi mnajua vizuri kuliko mimi ni milango mingapi inafungwa asubuhi hiyo. Mtu akienda kulalamika anaambiwa: kompyuta inaonyesha ameshafika 18.

Kwa njia, kompyuta nazo ziko kama sisi. Nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na wala si kwamba kompyuta zilizaliwa siku hiyo. Watu walihitaji mahali pa kuanzia wakachagua. Simu ikipoteza tarehe yake wakati mwingine utaiona imerudi 1970, Januari mosi. Nayo iliandikishwa kwenye foleni.

Nirudi kwenye hoja. Julai 2023 hapa Uganda Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa chakula kwa makundi matatu: walio hatarini zaidi wapewe asilimia 60 ya mgao kamili, wa katikati asilimia 30, na walioonekana wanaweza kujitegemea watolewe kabisa. Siingii kwenye mjadala wa pesa za wafadhili, huo una wenyewe, na pesa zilikuwa zimepungua kweli. Natazama mawe tu. Ukitaka kuhifadhi makundi matatu kwenye kompyuta, jiwe moja halitoshi, linakupa mawili. Unahitaji biti mbili. Lakini biti mbili zinatoa nafasi nne: 00, 01, 10, 11. Makundi ni matatu. Nafasi moja inabaki haina kazi. Sijui kama utaniona mjinga, lakini niliifikiria sana hiyo nafasi ya nne. Ingeweza kuitwa "familia hii bado hatujaielewa". Mashine ilikuwa nayo bure, haikuhitaji hata waya mmoja zaidi. Kinachogharimu ni mtu wa kwenda kugonga mlango wa kila familia iliyo katika kundi hilo.

Jambo la pili ni upana.

Turudi kwenye mawe manane. Mwisho wake 255. Sasa tujumlishe 200 na 100. Jibu la kweli ni 300, lakini jiwe la 256 halina mahali. Kompyuta inafanya kama tulivyofundishwa shule, inaanza kulia, moja na moja inaandika sifuri na kupeleka moja kwa jirani, hadi ifike ukingoni mwa sahani. Ile moja ya mwisho haina jirani wa kumpelekea. Inaanguka nje. Kinachobaki rejistani ni 00101100, yaani 44. Mia mbili na mia moja ni arobaini na nne. Hakuna E. Hakuna kelele. Ni 44 safi kabisa, na mtu akiitazama peke yake hataona kasoro yoyote.

Hapa ndipo watu wanaposema, si unaona, mashine ni mjinga au mwongo. Hapana. Ngoja. Waliotengeneza prosesa walilijua hili tangu zamani, wakaweka pembeni ya hesabu biti nyingine moja moja wanazoziita bendera. Ile moja iliyoanguka ukingoni haipotei mara hiyo hiyo: inainua bendera ya kupeleka. Mashine inasema, kwa njia pekee iliyonayo, "jibu hili halikuenea". Na bendera hiyo ina tabia moja ninayoomba uikumbuke: inadumu mpaka hesabu nyingine ifanyike. Katika prosesa nyingi za kompyuta za mezani, kujumlisha kunakofuata kunaandika juu yake. Programu ikitaka kuitazama, iitazame sasa hivi. Baada ya hapo haipo, na 44 inakwenda ghalani kama ukweli.

Je, programu zinaitazama? Nyingi hazijisumbui. Lugha nyingi za kuandikia programu zinajumlisha na kupita, kwa sababu kutazama kila mara kunachukua muda, na mwandishi wa programu amejiambia namba zake hazitafika huko. Mara nyingi yuko sahihi. Lakini amewaza namba zipi? Kwa miaka mingi upana wa kawaida ulikuwa biti 32, na kwa namba zenye alama ya kujumlisha na kutoa mwisho wake ni 2,147,483,647. Mtu anayewaza kwa dola ataona hiyo ni zaidi ya bilioni mbili, nani atafika? Mtu wa Kikuubo anawaza kwa shilingi. Dola moja ikiwa shilingi 3,700, mwisho huo ni kama dola 580,000, na muuzaji wa jumla anaweza kupitisha kiasi hicho katika hesabu zake za mwaka bila kuitwa tajiri wa ajabu. Sahani ileile, kwa mmoja ni pana kupita kiasi, kwa mwingine ni nyembamba. Na aliyeipima hakuwa na nia mbaya. Alipima kwa maisha yake.

Kuna kisa cha Dhahran, Saudi Arabia, ambacho wanafunzi wa kompyuta wanafundishwa dunia nzima. Ilikuwa vita vya Ghuba, tarehe 25 Februari 1991. Marekani ilikuwa na mitambo ya Patriot ya kuzuia makombora. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Sasa, moja ya kumi ni namba rahisi kwetu wenye vidole kumi, lakini kwa mawe ya nusu, robo, nusu ya robo na kuendelea, haimaliziki, kama vile sisi tunavyoshindwa kumaliza moja ya tatu: 0.333 mpaka uchoke. Rejista ilikuwa na biti 24. Kilichobaki kikakatwa. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde kila mara. Nani angejali? Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi bila kuzimwa, na sehemu za kumi katika saa 100 ni 3,600,000. Vipande vile vikajikusanya vikawa kama theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud kwa theluthi ya sekunde linasafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali ambapo kombora halikuwepo. Wanajeshi 28 wa Kimarekani waliuawa katika jengo walilolala.

Kinachonikaa moyoni si hesabu ya kisa hiki. Ni barua. Waisraeli waliokuwa na mtambo huohuo walikuwa wameshaona hitilafu na kutoa taarifa mapema mwezi huohuo. Tarehe 21 Februari ofisi ya mradi ilituma ujumbe kwa watumiaji kwamba mtambo ukiwashwa "muda mrefu sana" unaweza kukosea. Haikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Askari wa Dhahran wangejuaje? Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya mazishi kuanza kupangwa.

Nani alikosa pale? Rejista? Ilishika biti 24 kama ilivyotengenezwa. Aliyekata kipande hakumuua mtu, alikata kitu kidogo kuliko punje. Aliyeandika "muda mrefu sana" hakunyamaza, alisema. Lakini alisema kwa namna isiyoweza kumsaidia mtu kufanya lolote, na mimi naona hapo ndipo lawama inakaa zaidi. Alikuwa amesimama mbele ya bendera iliyoinuliwa, akaandika tu kwamba kuna bendera. Nasema hivi nikijua kwamba nasi kwenye mikutano ya makazi tunazungumza hivyohivyo: "kuna changamoto za mfumo", "majina mengine yana matatizo". Majina gani? Mangapi? Tangu lini?

Jambo la tatu nitalipitia haraka. Mawe yale hayajui yanapima nini. Chukua 11001000. Kwa mizani ya kawaida ni 200. Lakini kuna desturi nyingine ya kusoma, inayotumika kila siku ili kompyuta iweze kuandika deni: jiwe kubwa kabisa, lile la 128, linahamishiwa sahani ya pili, linavuta upande wa pili. Basi 64 na 8 ni 72, toa 128, unapata 56 za deni. Biti zilezile nane, kwa mmoja nina mia mbili, kwa mwingine nadaiwa hamsini na sita. Rejista yenyewe haina maoni. Maana iko katika amri ya yule anayeisoma.

Kule Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, kuna watu wanaoijua biti hii kwa mwili. Ni Wakenya wenye asili ya Kisomali ambao wao au wazazi wao, wakati wa ukame na njaa, waliingia kambi za Dadaab wakajiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na shule. Alama za vidole zikachukuliwa, ikaandikwa: mkimbizi, ndiyo. Jiwe moja juu ya mizani. Miaka ikapita, mtoto akafika umri wa kuomba kitambulisho cha taifa, akaweka kidole, na lile jiwe likajibu. Makumi ya maelfu wamekwama hivyo, katika nchi yao wenyewe, hawawezi kufungua akaunti wala kuajiriwa. Walioandika siku ile walisoma biti hiyo kama "ana njaa". Wanaoisoma leo wanasoma "si Mkenya". Biti haijabadilika hata kidogo.

Msinielewe vibaya, sipigani na kompyuta. Mwaka 2018 hapa Uganda, baada ya tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi imeongezwa, serikali na UNHCR walituhesabu upya kwa vidole na mboni za macho. Kwenye madaftari tulikuwa milioni 1.4. Waliothibitishwa walikuwa karibu milioni 1.1. Haimaanishi tofauti yote ilikuwa majina hewa, watu wanahama, wengine hawakufika siku yao. Lakini chakula cha majina yasiyokuwepo kilikuwa kinaondolewa midomoni mwetu, na mashine ndiyo iliyosaidia kulionyesha jambo hilo. Daftari la karatasi nalo linaweza kukataa, na karani mwenye hasira anaweza kukataa zaidi ya vyote. Nani kati yetu hajakutana naye?

Basi jibu langu ni hili: kompyuta haikatai. Nimeshuka mpaka chini, nimekuta mawe yaliyo juu au chini, sahani yenye upana fulani, na bendera. Kukataa hakumo. Kulifanyika kabla, siku mtu alipoamua kisanduku kisikubali kuachwa wazi, alipoamua upana, alipoamua bendera isitazamwe. Au kunafanyika baada, pale mezani, mtu anapoona 44 na mbele yake wamesimama watu mia tatu, akaamini 44.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na shirika aliniambia nilipomweleza haya: kaka, unanionea. Mimi sikuitengeneza hiyo programu, sina hata nywila ya kubadilisha herufi moja ya jina. Nikiandika nje ya mfumo mkubwa wangu ananiuliza. Ni kweli, na sidhani ni haki kumbebesha kijana wa dirishani mzigo wa fundi aliye mbali. Lakini yeye na fundi si sawa katika jambo moja. Fundi hamwoni mama. Kijana anamwona. Kwa dakika zile mbili yeye ndiye bendera, ndiye mahali pekee katika mtambo mzima ambapo ile moja iliyoanguka inaonekana, na akishasema "anayefuata!" imeandikwa juu. Simdai abadilishe mfumo. Namdai aandike, sasa hivi, siyo jioni: jina, namba ya karatasi, mfumo ulionyesha nini, mama alisema nini kwa maneno yake, na maharagwe yaandikwe. Na sisi tulio upande huu wa dirisha tudai nakala ya maandishi hayo. Tukiondoka na neno la mdomo tu, tumeisaidia bendera kushuka.

Nimalizie na tarehe moja. Zile saa zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 katika biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, zisiporekebishwa, zitasoma mwaka 1901. Mafundi wanalijua hili kwa miaka mingi, wameshahamisha mitambo mingi kwenye biti 64, na bado wanaendelea kutafuta iliyobaki. Mtoto aliyeandikwa hapa kwetu kuwa amezaliwa 01/01/2020 atakuwa mtu mzima siku 18 kabla ya hapo. Faili lake liko kabatini, na mama yake yuko hai bado, anakumbuka mavuno yalikuwa mwezi gani.